Magari ya Japani yavuka ziwa hadi Kalemie, onyo la mifuko ya hewa labaki nyuma

Gari dogo linalonunuliwa mnadani Japani hupita mikono mingi kabla ya kufika katika jimbo la Tanganyika. Hushushwa bandarini Dar es Salaam, likavuka Tanzania hadi Kigoma, kisha likapakiwa melini na kuvuka ziwa mpaka Kalemie. Mengine huendelea mbele ya mji, hadi vijiji vya wilaya kama Zongwe, ambako gari moja hubeba mahindi, samaki, wanafunzi na, usiku wa dharura, mgonjwa. Njiani karatasi zinaongezeka: hati ya mauzo, hati ya meli, risiti za forodha za nchi mbili. Karatasi moja tu haisafiri na gari. Ni ile barua ya kiwanda inayomwambia mwenye gari kwamba lina kifaa chenye kasoro, alirudishe, abadilishiwe bure.

Barua hiyo hutumwa kwa anwani ya mwenye gari anayejulikana Japani. Gari likishauzwa nje, barua inamfuata mtu ambaye hana gari tena, na mtu mwenye gari hapati barua.

Kwa msomaji wa Kalemie hili linaweza kusikika kama shida ya matajiri wa mbali. Sivyo. Kasoro iliyosababisha urudishaji mkubwa kuliko wote katika historia ya magari inahusu magari ya umri ule ule yanayouzwa kwetu, na huzidi kuwa mbaya penye joto na unyevu.

Kopo ndani ya usukani

Mfuko wa hewa, ule ambao madereva wengi huuita eabegi, umekunjwa ndani ya usukani na ndani ya dashibodi mbele ya abiria. Gari likigonga kwa nguvu, kihisio hupeleka umeme kwenye kopo dogo la chuma lenye kemikali. Kemikali inaungua, gesi inajaza mfuko, na kichwa cha dereva kinatua kwenye kitambaa badala ya chuma. Yote hayo yanakwisha kabla mtu hajapepesa jicho.

Kampuni ya Takata ya Japani iliamua kutumia amoniamu naitreti katika makopo yake. Wakulima wanaijua kemikali hiyo kwenye mbolea, na wachimbaji wanaijua kwenye baruti za machimboni. Ni ya bei nafuu, lakini ina udhaifu: ikikaa miaka mingi mahali ambapo joto linapanda na kushuka kila siku na hewa ina unyevu, vidonge vyake huharibika. Siku ya ajali huungua kwa kasi kupita kiasi. Kopo linapasuka, na vipande vya chuma vinapita kwenye kitambaa hadi usoni na shingoni. Baadhi ya waliokufa walikuwa katika ajali ndogo ambazo bila mfuko huo wangetoka kwa miguu yao.

Takata ilifilisika Juni 2017. Marekani peke yake iliagiza makopo yapatayo milioni 67 yabadilishwe, na duniani kote hesabu inakaribia milioni 100. Marekani imethibitisha vifo zaidi ya 25. Malaysia, nchi ya joto na mvua nyingi, nayo ilipoteza watu. Ufaransa ilihesabu wengi wa waliokufa katika visiwa na maeneo yake ya ng'ambo yenye joto, na ni baada ya kifo kilichotokea Reims, Juni 2025, ndipo serikali ilipoamuru magari ya Citroën C3 na DS3 ambayo hayajatengenezwa yaegeshwe mara moja.

Mpangilio huo wa vifo haukutokea kwa bahati. Mamlaka ya usalama barabarani ya Marekani iligawa nchi kwa kanda za hali ya hewa, na majimbo ya joto na unyevu kama Florida na Hawaii yakawekwa mbele kwenye foleni ya kubadilishiwa. Kalemie iko kando ya ziwa, pale Mto Lukuga unapotoka kwenda Lualaba, na magari mengi hulala nje, juani mchana na kwenye umande usiku. Hakuna sababu ya kuamini kwamba kopo lililochakaa Florida litabaki zima hapa.

Magari yenyewe tunayajua. Toyota Corolla, Vitz na RAV4 za miaka ya 2000 zimo kwenye orodha za urudishaji, pamoja na za Honda, Nissan, Mazda na Subaru. Januari 2024 Toyota iliwaambia wenye magari wapatao 50,000 nchini Marekani wasiyaendeshe kabisa mpaka yatengenezwe. Kati yake kulikuwa na Corolla za 2003 na 2004 na RAV4 za 2004 na 2005. Ukisimama barabarani Kalemie kwa saa moja, magari ya rika hilo yatakupita.

Tahadhari ni muhimu hapa. Si kila Corolla ina kopo la Takata, na si kila kopo la Takata ni la aina mbovu. Mengine yalibadilishwa Japani kabla ya kusafirishwa. Kuanzia Mei 2018, serikali ya Japani ilikataa kuyapitisha kwenye ukaguzi wa lazima magari yenye makopo ya hatari zaidi ambayo hayajabadilishwa. Hatua hiyo ililinda barabara za Japani. Haikusema lolote juu ya gari lililokuwa tayari limeshavuka bahari, wala haikumzuia mwenye gari aliyeshindwa ukaguzi kulipeleka mnadani badala ya gereji.

Namba ya chesisi ndiyo ufunguo

Njia ya kujua ipo, na haihitaji fundi. Kwenye kibati kilichobandikwa ndani ya boneti kuna namba ya chesisi. Gari lililotengenezwa kwa soko la Japani halina namba ndefu ya herufi na tarakimu 17 kama ya Marekani au Ulaya. Lina msimbo mfupi wa modeli, kistari, kisha namba. Corolla nyingi, kwa mfano, huanza na NZE121. Ndiyo maana mtu akiiingiza namba hiyo kwenye tovuti ya Marekani anaambiwa haipo, anadhani gari lake ni salama, na anafunga simu. Pa kutafuta ni kwenye tovuti ya Kijapani ya kampuni iliyotengeneza gari, sehemu ya urudishaji. Ukurasa ni wa Kijapani, lakini simu za leo zinatafsiri, na kinachoingizwa ni namba tu. Jibu litaonyesha kama kuna matengenezo ambayo hayajafanywa.

Ugumu unaanza baada ya jibu. Kubadilishiwa bure hufanywa na wakala rasmi, na mawakala rasmi wana maduka yao katika miji mikubwa kama Kinshasa na Lubumbashi. Kulipeleka gari huko kutoka Kalemie, achilia mbali Zongwe, ni gharama ambayo inaweza kukaribia bei ya gari lenyewe. Ni haki mwenye gari aiandikie kampuni, akiambatisha picha ya kibati. Lakini asitarajie meli ilete kopo jipya wiki ijayo.

Wakati anasubiri, kuna la kufanya. Asimruhusu fundi wa kando ya barabara kufungua usukani kwa bisibisi ili aangalie; lile kopo ni kilipuzi, na linaweza kufyatuka mkononi. Kama kasoro iko upande wa abiria, kiti kile kibaki wazi na watu wakae nyuma. Dereva arudishe kiti chake kiasi cha kuacha walau sentimita 25 kati ya kifua na usukani. Na gari lililotajwa na kiwanda kuwa lisiendeshwe kabisa lisiendeshwe. Najua jinsi sentensi hiyo inavyosikika kwa mtu anayelisha watoto kwa gari hilo. Sina nyingine nyepesi zaidi.

Kuna tatizo la pili, ambalo ni kinyume cha la kwanza: gari lenye alama ya mfuko wa hewa lakini lisilo na mfuko. Gari lililopata ajali Japani au Dar es Salaam mfuko wake ulishafyatuka. Kununua mwingine ni ghali, kwa hiyo muuzaji asiye mwaminifu anafunika usukani kwa kifuniko kitupu na kung'oa balbu ya taa ya onyo ili isiwake. Mnunuzi anaweza kumgundua kwa sekunde chache. Washa swichi bila kuwasha injini, kisha tazama dashibodi. Taa yenye herufi SRS, au picha ya mtu mwenye mpira mbele yake, lazima iwake, ikae sekunde chache, halafu izime. Ikibaki inawaka, mfumo una hitilafu. Isipowaka kabisa, mtu ameigusa. Fanya hivyohivyo kwa taa ya ABS, yaani breki zinazozuia magurudumu kujifunga.

Mkanda bado ndio kinga kuu. Shirika la Afya Duniani linasema kuufunga kunaweza kupunguza hatari ya kifo kwa walio ndani ya gari hadi nusu. Mfuko wa hewa ulibuniwa kumsaidia mtu aliyefunga mkanda. Asiyefunga hurushwa mbele na kukutana na mfuko ukiwa bado unafyatuka. Uvute mkanda kwa ghafla: usipojifunga, haufanyi kazi. Mikanda ya viti vya nyuma mara nyingi imezama chini ya makava ya viti, na ni vema itolewe. Mtoto hakai mbele, hata akiwa amepakatwa.

Usukani wa kulia, barabara ya kulia

Kongo huendesha upande wa kulia. Japani na Tanzania huendesha kushoto, na magari yao yana usukani kulia. Serikali ya Kinshasa iliwahi kutangaza marufuku ya kuingiza magari ya usukani wa kulia, lakini mashariki mwa nchi yapo kila mahali, kwa sababu njia ya karibu ya kuleta gari inapita Dar es Salaam na si Matadi.

Mjadala huishia kwenye usukani, kwamba dereva anayetaka kulipita lori haoni mbele mpaka atoe nusu ya gari. Hilo ni kweli. Lakini kuna mambo mawili yasiyosemwa sana. La kwanza ni taa. Taa za chini za gari la Japani zimeundwa kuinua mwanga kidogo upande wa kushoto, ili kumulika ukingo wa barabara na waenda kwa miguu. Kwetu, kushoto ndiko anakotoka gari la mbele. Kwa hiyo gari linalofuata sheria, taa zikiwa chini kabisa, bado linampofusha dereva anayekuja, huku likimwacha gizani mtembea kwa miguu aliye kulia. Fundi umeme anaweza kuzishusha taa hizo kwa skrubu zilizo nyuma yake. Dawa kamili ni kufunga taa zilizotengenezwa kwa nchi zinazoendesha kulia.

La pili ni mlango. HiAce nyingi za soko la Japani zina mlango wa kuteleza upande wa kushoto tu, kwa sababu Japani huko ndiko kwenye njia ya miguu. Nchini Kongo mlango huohuo unafunguka katikati ya barabara. Mama mwenye mzigo kichwani na mtoto mgongoni anashukia pale magari na pikipiki zinapopita. Hakuna tairi wala breki itakayorekebisha hilo. Kinachobaki ni dereva kutoka barabarani kabisa kabla ya kusimama, na kondakta kushuka wa kwanza kuzuia njia. Chama cha madereva kingeweza kulifanya sharti bila kusubiri waziri.

Tairi, breki na udongo

Katika barabara za udongo gari haliharibiki kwa ghafla, linalegea. Ukingo wa tairi una duara dogo lenye tarakimu nne: 2317 maana yake tairi lilitengenezwa wiki ya 23 ya mwaka 2017. Tairi la mtumba linaweza kuwa na kashata nzuri huku mpira wake umekauka na kupasuka ubavuni. Muuzaji anaonyesha kashata, mnunuzi na asome tarakimu. Ndani ya mifereji ya tairi kuna vinundu vidogo. Kashata ikilingana navyo, imebaki milimita 1.6 na tairi limekwisha, hata kama halijawa kipara. Upepo unaofaa umeandikwa kwenye kibandiko cha nguzo ya mlango wa dereva, na hupimwa asubuhi tairi likiwa limepoa. Anayeongeza upepo ili kubeba magunia zaidi anapunguza eneo la tairi linaloshika barabara, na breki zake zinahitaji mita nyingi zaidi.

Mafuta ya breki hunywa maji kutoka hewani. Ndiyo maana hubadilishwa kila miaka miwili hata kama hayajapungua. Yakiwa na maji, breki zikipata joto kwenye mteremko mrefu, maji yanakuwa mvuke na kanyagio linazama mpaka chini. Dereva anasema breki zilikatika, ingawa hazikukatika. Mafuta mapya yana rangi ya njano hafifu. Yakiwa kama chai ya rangi iliyokolea, muda wake umepita. Na yakipungua ghafla, ama pedi zimekwisha au kuna mahali panavuja. Kuyaongeza bila kutafuta sababu ni kuahirisha tu. Kanyagio linalozama polepole ukilishikilia gari likiwa limesimama ni onyo la kulipeleka gereji siku hiyo hiyo.

Vilivyobaki ni vya dakika kumi kila wiki: oili ya injini, maji ya rejeta injini ikiwa baridi, taa zote pamoja na za breki, waipa kabla ya mvua. Usukani unaotetemeka au kuvuta upande mmoja, na mgongano unaosikika chini ukipita kwenye shimo, ni viungio vinavyolegea. Kiungio kimoja kikitoka, gurudumu linageukia kwake.

Karatasi ya ukaguzi

Sheria ya barabara ya Kongo, namba 78-022, ni ya tarehe 30 Agosti 1978. Ni mwaka uleule ambao breki za ABS za kielektroniki zilianza kuuzwa kwenye magari ya Mercedes-Benz, na mfuko wa hewa ulikuwa bado haujaenea. Tangu hapo gari limebadilika. Ukaguzi umebaki kuwa karatasi. Dereva yeyote anayajua maswali ya kizuizini: leseni, bima, cheti cha ukaguzi, kizimamoto, pembetatu. Hakuna anayeinama kusoma tarehe ya tairi.

Majirani wametumia kikomo cha umri. Kenya hairuhusu gari lililozidi miaka minane. Uganda, kuanzia 2018, ilifunga mlango kwa magari ya miaka 15 na zaidi. Kongo nayo ilitoa amri ya kudhibiti umri mwaka 2012. Lakini gari linalokataliwa Mombasa haliyeyuki. Hutafuta nchi nyingine. Ripoti ya Umoja wa Mataifa ya mwaka 2020 ilihesabu magari madogo yaliyotumika milioni 14 yaliyouzwa nje na Ulaya, Marekani na Japani kati ya 2015 na 2018. Asilimia 80 yalikwenda nchi za kipato cha chini na cha kati, na zaidi ya nusu ya hayo yalikuja Afrika.

Kikomo kikali cha umri kingeumiza Kalemie. Gari jipya zaidi ni ghali zaidi, na bila gari la bei nafuu Zongwe inabaki na pikipiki, ambayo haina mfuko wa hewa wala mkanda. Kinachowezekana ni kidogo na cha karibu zaidi. Kila gari linaloshuka bandarini hupita mbele ya maofisa wa forodha, na Ofisi ya Kongo ya Udhibiti, OCC, ndiyo yenye jukumu la ubora wa bidhaa zinazoingia nchini. Namba ya chesisi tayari inaandikwa kwenye fomu. Kuiingiza namba hiyohiyo kwenye tovuti ya kiwanda, na kuandika jibu kwenye hati ya gari, kunahitaji simu moja yenye intaneti na ofisa mmoja aliyeonyeshwa mara moja jinsi ya kufanya. Mnunuzi angejua kabla ya kulipa. Muuzaji wa Dar es Salaam, akijua Kalemie wanauliza, angeuliza Japani kwanza, ambako kopo bado linabadilishwa bure.